Sura ya 6: Mwizi Tunayemwombea Asikamatwe

Picha ya kwanza katika To Catch a Thief haina mwizi wala almasi. Tunaonyeshwa dirisha la ofisi ya wakala wa safari, lenye matangazo ya kuwaita watu wakatembee Ufaransa. Majina ya waigizaji yanapita, muziki umechangamka, kamera inalisogelea dirisha taratibu. Ghafla uso wa mwanamke wa makamo unaijaza skrini, anapiga mayowe: kaamka asubuhi, vito vyake havipo. Kisha paka mweusi anakatiza juu ya mapaa usiku. Mayowe mengine. Paka tena.

Alfred Hitchcock aliitoa filamu hiyo mwaka 1955, na watazamaji wamebishana juu yake tangu wakati huo kwa hoja zilezile. Wapo wanaosema ndiyo filamu yake tamu kuliko zote: bahari, nguo, utani, Cary Grant na Grace Kelly. Wapo wanaosema hakuna kitu pale: kisa chepesi, taharuki haba, mwizi unamjua mapema. Ukiwasikiliza vizuri, pande zote mbili zinaeleza filamu ileile, ila mmoja kaipenda na mwenzake kaona kapunjwa. Na lile dirisha la wakala wa safari lilikwisha kuwaambia wote wawili, kabla hata ya jina la mwongozaji kuonekana, tiketi waliyokata ni ya kwenda wapi.

Kinachonivuta kwenye ubishi huu ni jambo lililo chini yake. Mtu mwema kabisa, ambaye akichomolewa simu kituo cha daladala atapiga kelele mpaka mtaa mzima utoke na fimbo, anakaa kwenye kiti saa moja na dakika arobaini na kitu akimwombea mwizi salama. Haoni haya. Akitoka hapo anamsifia mwizi kwa suti yake. Filamu za wizi wa vito zenye mapenzi na kicheko zote zinategemea mageuzi hayo ya moyo, na zinapoanguka, mara nyingi huanguka hapo, si kwenye mbinu za kufungulia kasha la fedha. Naamini mtazamaji wa filamu hizi hapimi wizi hata kidogo. Anawapima watu: aliyeibiwa ni nani, aliyeiba ni nani, na kama angependa kukaa nao mezani.

Kisa chenyewe ni hiki. John Robie ni Mmarekani anayeishi milimani juu ya pwani ya kusini ya Ufaransa, analima mizabibu na maua. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia aliitwa Paka, kwa sababu aliwaibia matajiri kwa kupita juu ya mapaa. Alifungwa, jela ikapigwa bomu, yeye na wafungwa wenzake wakatoroka na kuingia msituni kupigana na Wajerumani. Kwa mchango huo wakaachiwa kwa masharti. Sasa kuna mtu anaiba kwa mtindo wake uleule, polisi wanamfuata yeye, na wenzake wa zamani, ambao leo wanapika na kuosha vyombo katika mgahawa mmoja mjini, wanamtazama kwa jicho baya kwa kuwa kosa lake litawarudisha wote kifungoni. Njia pekee ya kujisafisha ni kumkamata mwizi mwenyewe. Anatafuta orodha ya watu wenye vito, anaipata kwa wakala wa bima wa Lloyd's ya London, Bwana Hughson, na kwenye orodha hiyo yumo mjane wa Kimarekani aliyetajirika kwa mafuta, Jessie Stevens, pamoja na bintiye Frances. Robie anajifanya mfanyabiashara wa mbao kutoka Oregon. Frances hadanganyiki hata kidogo. Kitu kinachomvutia kwa mwanamume huyo ni kwamba ni mwizi.

Watazamaji wengi hukumbuka fataki, na fataki nitazifikia. Mimi huwaambia watu waangalie chakula cha mchana cha Robie na Hughson, tukio lisilo na paa wala paka. Wakala wa bima amekaribishwa nyumbani kwa mwizi, wameketi barazani, wanakula. Robie anamuuliza kwa upole kama hajawahi kuchukua taulo au kisahani cha majivu cha hoteli. Anamuuliza kuhusu posho ya chakula anayopewa na kampuni: leo kala bure, je, fedha ile atairudisha? Hughson anahangaika, kisha anakubali kwamba kwa hesabu hiyo naye ni mwizi. Katikati ya mazungumzo anausifia ulaini wa mapishi, na Robie anamweleza kwamba mpishi, Germaine, ana mikono laini kweli. Wakati wa vita alimnyonga jenerali wa Kijerumani kwa mikono hiyohiyo bila sauti kutoka.

Dakika chache tu, na kazi imekwisha. Mtazamaji anayecheka hapo amekwisha kukubali mambo matatu bila kuulizwa. Kwamba wizi ni suala la kiwango, na sote tumo. Kwamba huyu mwizi aliiba kwa matajiri lakini alipigana upande wa haki. Na kwamba hasara yote italipwa na bima. Mama Stevens mwenyewe, ambaye ndiye anayeweza kuibiwa, haoni sababu ya kukosa usingizi; almasi zake zimekatiwa bima na yeye anamkumbuka zaidi mumewe, aliyekufa kabla ya mafuta kuonekana ardhini mwao. Jessie Royce Landis anamcheza mama huyu kwa uchangamfu mkubwa. Kuna mahali anazima sigara ndani ya kiini cha yai la kukaanga, na anayejua jinsi Hitchcock alivyochukia mayai atacheka mara mbili. Nasema wazi: bila mama huyu filamu ingekuwa na watu wazuri wawili wakitazamana. Yeye ndiye anayetupa ruhusa ya kumpenda Robie, kwa sababu kama mwenye mali hajakasirika, mimi niliye kwenye kiti nakasirika kwa niaba ya nani?

Sasa, kwa nini Robie ni mwizi mstaafu? Kwa nini asiwe mwizi kazini? Wapo watazamaji wanaolalamikia hilo. Wanataka kumwona Paka akiiba, wanapewa Paka akilima maua. Jibu haliko kwa mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii, David Dodge, peke yake, wala kwa Hitchcock peke yake. Liko pia kwenye kanuni za maadili ambazo studio za Hollywood zilijiwekea mwaka 1930 na kuanza kuzifuata kwa ukali mwaka 1934. Kanuni hizo zilikuwa, kwa ufupi, zile siku arobaini za mwizi zilizopigiwa muhuri: mhalifu haruhusiwi kufaidi uhalifu wake, na mtazamaji asiachwe upande wa mhalifu. Ukitaka stelingi awe mwizi na mwisho apate mke, sharti awe ametubu kabla filamu haijaanza.

Ili kuona kilichopotea, tazama Trouble in Paradise ya Ernst Lubitsch, iliyotoka 1932, kanuni zikiwa zimeandikwa lakini hazijapata meno. Mwanamume anajiita baron, mwanamke anajiita mke wa bwana mkubwa, wanakula chakula cha usiku hotelini Venice. Wote wawili ni wezi, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye windo. Katikati ya mlo wanaanza kurudishiana walivyoibiana hapohapo mezani: pochi, pini ya vito, saa, mpaka ukanda wa soksi. Mapenzi yanazaliwa pale, kwa kila mmoja kustaajabia vidole vya mwenzake. Baadaye wanahamia Paris kumwibia mwanamke tajiri mwenye kampuni ya manukato, mapenzi yanaingia njia panda, na mwisho wezi wanaondoka na lulu zao bila pingu wala toba. Mwaka 1935 filamu hiyo ilinyimwa ruhusa ya kuonyeshwa upya, na haikurudi mbele ya watazamaji mpaka 1968. Kwa zaidi ya miaka 30 watu walibishana juu ya filamu za wezi wachangamfu bila kuiona iliyo bora kuliko zote.

Kanuni zilezile ndizo zilizozaa fataki. Frances amemwalika Robie chumbani kwake hotelini. Nje, anga la Cannes linawaka. Anazima taa, anasogea mpaka uso wake unabaki gizani na kitu pekee kinachong'aa ni mkufu shingoni. Anamwambia autazame, aushike, akiri kwamba yeye ni Paka. Robie anaujua mkufu huo: ni bandia. Wanaendelea kusogeleana, kamera inakwenda kwa fataki, inarudi kwao, inakwenda tena, kila mara mlipuko ukiwa mkubwa zaidi, mpaka anga lote linajaa. Hakuna kilichoonyeshwa ambacho mzee wa kanisa angekinyooshea kidole, na hakuna mtu mzima ukumbini asiyeelewa. Wakaguzi walilitilia shaka tukio hili, lakini lilibaki.

Vijana wa leo wanaoitazama kwa mara ya kwanza wamegawanyika hapa kuliko mahali pengine. Baadhi wanaona fataki ni kichekesho cha kizamani, alama iliyokwisha kutumiwa na kila mtu. Ni kweli imetumiwa sana baadaye. Lakini sikiliza maneno yanayosemwa pale, si mlipuko. Binti anamtongoza mwanamume kwa kumtega na mali, na mwanamume anakataa mali kwa sababu si halali ya jina lake: almasi za uongo. Tukio zima ni mashauriano ya biashara. Ndiyo maana linachekesha na kuchemka kwa pamoja.

Twende kwenye malalamiko makubwa, maana yapo na si yote ya kupuuzwa.

La kwanza ni taharuki. Mtu aliyeizoea Rear Window, iliyotoka 1954 na Grace Kelly huyohuyo, anafika hapa akingoja moyo udunde. Haudundi. Gari la polisi linalomfukuza Robie linashindwa njia kwa sababu ya kuku anayevuka barabara. Robie anapokamatwa sokoni Nice, inakuwa ni baada ya kuangukia maua na kupigwa na bibi mwuza maua kwa shada. Hitchcock mwenyewe alipozungumza na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut miaka ya 1960 hakuitetea sana. Aliiita hadithi nyepesi. Nadhani alikuwa mkali mno kwa kazi yake. Wepesi una ufundi wake, na mtu anayelalamika kwamba chai haina pilipili hajaionja chai.

La pili ni mwizi. Danielle, binti wa mfanyakazi wa mgahawa, ndiye Paka mpya, na mtazamaji makini anamjua mapema, kwa kuwa ndiye pekee mwenye wivu, mwenye ujana wa kupanda mapaa, na mwenye muda mrefu kwenye skrini bila kazi inayoeleweka. Hapa nawaunga mkono walalamikaji. Filamu inatuomba tushangae, nasi hatuna mshangao wa kutoa. Kibaya zaidi, Danielle na baba yake ndio pekee wanaolipa. Matajiri wanarudishiwa vito, bima inapona, mstaafu anapata mchumba, na binti maskini aliyethubutu kuiba anabaki akining'inia kwenye ukingo wa paa, Robie akiwa amemshika mkono mpaka aungame kwa sauti mbele ya polisi. Baba yake alikwisha kufa katika kazi hiyohiyo. Watu wachache hulitaja jambo hili wanapoisifu filamu, na mimi hulisikia kila ninapoitazama.

La tatu ni umri. Cary Grant alizaliwa Januari 1904, Grace Kelly Novemba 1929. Walipoigiza pamoja majira ya joto ya 1954, mmoja alikuwa na miaka 50 na mwenzake 24. Landis, anayecheza mama mkwe mtarajiwa, alikuwa amemzidi Grant miaka isiyofika kumi. Miaka minne baadaye, katika North by Northwest, alicheza kama mama yake mzazi! Watazamaji wa 1955 hawakuona ajabu, au waliona wakanyamaza. Wa leo wanaona mara moja. Kinachoisaidia filamu ni kwamba binti ndiye anayekimbiza na mzee ndiye anayekimbia. Frances anamwendesha Robie kwa gari lake kwenye kona za milimani, anakanyaga mafuta, na kamera inashuka kuonyesha mikono ya Grant ikijifuta na kuyashika magoti yake kwa hofu. Mwanamume aliyepita juu ya mapaa ya matajiri bila kuteleza anaogopa kiti cha abiria. Jambo hilo halifuti miaka 26, lakini linampa binti usukani kwa maana zote.

La nne, kwamba mandhari ya nyuma ya waigizaji ndani ya gari ni sinema iliyotupwa ukutani studioni, ni kweli, na nalipita. Zama zile kila mtu alifanya hivyo. Mandhari halisi nje ya gari yalipigwa kwa kamera za VistaVision, mfumo wa Paramount ambao mkanda ulipita kwa ulalo ili kila picha iwe kubwa na safi zaidi, wakati studio zikipambana na televisheni iliyokuwa ikiwabakiza Wamarekani sebuleni. Baadhi yake yalipigwa kutoka angani. Mpiga picha Robert Burks alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Usiku wake juu ya mapaa una rangi ya kijani. Watu wengine huuona kama ugonjwa, mimi huuona kama ndoto ya mtu aliyekula vizuri.

Kuna filamu moja ya jamii hii ambamo maoni ya watazamaji yalifanya kazi kubwa zaidi ya kusifu na kuponda: yaliigeuza filamu yenyewe kuwa kitu kingine. The Pink Panther ya Blake Edwards, ya 1963, ilipangwa kuwa filamu ya David Niven. Yeye ndiye Sir Charles Lytton, mwizi maridadi wa vito anayeitwa Kivuli, anayewinda almasi ya bintimfalme iliyoanza kuitwa Chui wa Waridi kwa sababu ya dosari ndani yake inayofanana na chui anayeruka. Mpelelezi Clouseau alikuwa wa pembeni. Peter Ustinov alipangiwa kumcheza, akajitoa, akaitwa Peter Sellers. Watu waliingia kumtazama Niven wakatoka wakimzungumzia Sellers: mpelelezi anayejikwaa kwenye fanicha, mkewe akiwa ndiye mshirika na kipenzi cha mwizi, na mwishowe yeye mwenyewe ndiye anayehukumiwa kwa wizi aliokuwa akiupeleleza. Mwaka uliofuata ikatoka A Shot in the Dark, Clouseau akiwa mbele na Kivuli hayumo kabisa. Na yule chui wa kuchorwa, aliyewekwa mwanzoni kupamba majina ya waigizaji juu ya muziki wa Henry Mancini, akapata filamu zake fupi. Ya kwanza, The Pink Phink ya 1964, ilishinda Oscar. Wasomaji wengi wa kitabu hiki walikua wakimtazama chui huyo kwenye televisheni bila kujua kwamba jina lake ni la almasi.

Naona funzo la ufundi hapo ambalo watengenezaji hulisahau. Mtazamaji anampenda mwizi maridadi, lakini akiletewa mtu mwenye aibu zinazofanana na zake, humhama mwizi mara moja.

Pwani yetu ililijua jambo hili bila kupitia Cannes. Mwizi mpendwa aliyetikisa kumbi za sinema za Unguja na Dar es Salaam alikuwa Raj Kapoor katika Awara ya 1951. Mwanahistoria Laura Fair, aliyechunguza kwa miaka mingi watazamaji wa sinema Tanzania, ameandika jinsi filamu za Kihindi zilivyowapa Wazanzibari wa miaka ya 1950 na 1960 nafasi ya kuzungumzia mapenzi, na Awara iko katikati ya mazungumzo hayo. Ndani yake umo mkufu. Raj anaupora barabarani na kumpelekea Rita siku yake ya kuzaliwa, bila kasha. Halafu mlezi wa Rita, jaji, anakuja na zawadi yake, kasha bila mkufu. Rita anaelewa hapohapo mpenzi wake ni nani. Huwezi kuiita Awara filamu nyepesi, ina machozi ya kujaza ndoo. Ila iweke kando ya fataki za Hitchcock uone tofauti: Frances anampenda mwanamume kwa kuwa ni mwizi, Rita anampenda ijapokuwa ni mwizi. Mzaha wote wa filamu za Cannes umesimama juu ya fedha. Wapenzi wake hawana njaa. Raj anayo, na jaji aliyeporwa ni baba yake mzazi aliyemkana tumboni. Mtazamaji wa Kikwajuni au Kariakoo aliyemlilia Raj hakuhitaji tukio la kisahani cha majivu kumshawishi.

Maoni ya watazamaji hubadilishwa pia na mambo yanayotokea nje ya skrini. Mei 1955 Grace Kelly alikwenda tamasha la filamu la Cannes, akakutana na Mwanamfalme Rainier wa Tatu wa Monaco; Aprili 1956 wakaoana, na uigizaji ukaishia hapo. Katika filamu, Robie na Frances wanasimamisha gari juu ya mlima na kula kuku wa baridi, bahari na Monaco vikiwa chini yao, tukio lenye mazungumzo ya paja na kidari ambayo yaliwachekesha watu kwa sababu zisizohusu kuku. Septemba 13, 1982, gari la Bintimfalme Grace liliacha njia katika barabara za milima ya eneo hilohilo. Akafariki kesho yake. Tangu siku hiyo hakuna anayeangalia mbio za gari za Frances kama alivyokusudia Hitchcock. Wapo wanaodai kona ni ileile. Iwe ndiyo au siyo, ile mikono ya Cary Grant magotini haichekeshi tena kwa wote, na huo si upungufu wa filamu wala wa watazamaji.

Kisha kuna wezi wa kweli. Julai 28, 2013, mtu mmoja mwenye bastola aliingia katika maonyesho ya vito kwenye hoteli ya Carlton, Cannes, hoteli ileile ya filamu, akatoka na vito vilivyothaminiwa kuwa zaidi ya dola milioni 130. Magazeti hayakuweza kujizuia. Kila habari ilimtaja Hitchcock. Oktoba 19, 2025, ikawa zamu ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris: wezi walifika asubuhi na lori lenye ngazi ya kupandishia fanicha, wakapita dirishani, na katika dakika zisizofika nane wakaondoka na vito vinane vya kifalme vyenye thamani ya euro milioni 88, huku taji la Malkia Eugénie likiwadondoka njiani. Siku za mwanzo dunia ilicheka. Mitandao ilijaa utani kuhusu ngazi na fulana za mafundi, na watu walikuwa wakichagua waigizaji wa filamu itakayofuata. Ufaransa kwenyewe kicheko kilikauka haraka, na nadhani sababu ni ile niliyoieleza juu: hakukuwa na Mama Stevens. Vito vilikuwa vya umma, havikuwa na bima binafsi ya kufidia, na vikivunjwa ili viuzwe kimojakimoja hakuna hundi itakayovirudisha. Swali la nani kaibiwa likapata jibu, nalo likawa "sisi".

Hilo ndilo linaloniwezesha kueleza kwa nini filamu nyingi za baadaye zimeyumba. After the Sunset ya 2004 ina kila kiungo: mwizi wa almasi aliyestaafu na mpenzi wake visiwani Bahamas, Pierce Brosnan na Salma Hayek, wakala wa FBI anayechezwa na Woody Harrelson, almasi ya mwisho iliyokuja na meli ya starehe. Wahakiki waliipiga mawe. Watazamaji wanaoitetea husema ni filamu ya likizo: jua, maji, watu wazuri, usifikiri sana. Siwakatalii raha yao. Lakini angalia nani anaibiwa katika filamu hiyo: hakuna. Almasi haina mwenyewe tunayemjua, haina mama wa kuzima sigara kwenye yai. Na mapenzi yake hayana tofauti ya nafasi kati ya wapenzi. Wote wawili wamekwisha kutajirika, tatizo lao kubwa ni kuchoka kukaa ufukweni. Uhusiano wenye uhai ni ule wa mwizi na mpelelezi wake, wanaovua samaki pamoja huku kila mmoja akimvizia mwenzake, na mtengenezaji angeona hivyo mapema tungepata Clouseau mpya.

Kwa msomaji anayetaka kujionea, ushauri wangu ni huu. Anza na Trouble in Paradise, kwa sababu ndiyo bora, ni fupi, na imekaa miaka mingi bila kuzeeka. Fuata na To Catch a Thief, uitazame kwenye skrini kubwa uwezavyo kupata, usiitafutie taharuki, na usiwe na haraka kwenye kile chakula cha mchana barazani. The Pink Panther itazame na watoto. Awara itazame na wazee, uwaache wasimulie wao. After the Sunset iweke kwa siku ambayo mvua imekufungia ndani na hakuna kingine.

Na utakapobishana na mwenzako juu ya yoyote kati ya hizo, usimuulize kama wizi ulipangwa vizuri. Muulize alitaka nani ashinde, na kuanzia dakika gani.